Je, Kijana Asiye na Mazoezi Apande Ulingoni?

 

Safari hii tunaomba tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo pengine baadhi yenu mtasema halihusu kanisa. Ni jambo la ngumi. Vijana wetu wengi wanazipenda, na siku za sikukuu, kama tarehe 20 Juni ambayo ni Siku ya Wakimbizi Duniani, michezo huandaliwa katika makambi na makazi mengi. Sasa tuseme mwaliko umechelewa, kama inavyochelewa mialiko mingi inayotufikia. Kijana anaambiwa leo kwamba baada ya siku 8 atapigana na bondia kutoka mjini. Zamani alikuwa na mazoezi, lakini miezi 4 sasa anashinda katika mashamba ya watu akitafuta kibarua. Anakubali kwa furaha. Rafiki zake wanasema atakimbia asubuhi na jioni, pumzi itarudi. Mama yake ananyamaza, kwa sababu hataki kumvunja moyo.

Je, ni haki kumwacha apande? Na kama si haki, ni nani mwenye wajibu wa kusema hapana? Hilo ndilo swali letu.

Tuanze na mwili, kwa maana Mungu aliuumba na kuuwekea kanuni zake. Pambano la ngumi za ridhaa lina raundi 3 za dakika 3, na mapumziko ya dakika 1 kati ya raundi. Jumla ni dakika 9 tu za kupigana. Sisi tulioketi tunaona ni muda mfupi, lakini aliye ndani anatumia mikono, miguu na macho kwa pamoja, huku akipigwa. Pumzi ya kazi hiyo hujengwa kwa wiki nyingi. Moyo hujifunza polepole kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli nayo hujifunza kuitumia. Siku 8 hazitoshi kumaliza kazi hiyo, hata kijana akikimbia mpaka aanguke.

Tena kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mazoezi mazito hayampi mtu nguvu siku ileile. Siku hiyo yanamchosha, na nguvu huja baadaye, wakati amelala, amekula na amepumzika. Misuli ambayo haikuzoea kazi huuma zaidi siku ya pili na ya tatu baada ya kutumikishwa. Kwa hiyo anayejitesa katika siku za mwisho anapanda ulingoni akiwa na uchovu aliojitengenezea mwenyewe. Mabondia waliofundishwa vizuri hufanya kinyume chake. Wiki ya mwisho hupunguza wingi wa mazoezi, hubaki na mepesi ya kasi, na hulala mapema. Siku za mwisho ni kama kufagia nyumba kabla ya mgeni kufika. Ambaye hajajenga nyumba, atafagia nini?

Pia kuna habari ya mizani. Bondia hupimwa uzito, na aliyezidi hawezi kupigana katika daraja lake. Basi kijana aliyechelewa anafunga kula, anajinyima maji, anavaa makoti mawili juani ili atoke jasho. Wapendwa, kilo zinazotoka kwa siku moja si mafuta, ni maji. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 1 na nusu ya maji, tayari nguvu zake zimepungua, na moyo wake unafanya kazi kwa shida. Mwaka 1997 huko Marekani wanamieleka 3 wa vyuo walikufa katika muda wa wiki chache, wote wakijaribu kupunguza uzito upesi kwa njia za namna hiyo. Walikuwa vijana wenye afya, tena wenye walimu na madaktari karibu yao. Wa kwetu ataanza jambo hilo akiwa tayari anakula mlo mmoja kwa siku, maana wote tunajua jinsi mgao wa chakula ulivyopunguzwa miaka hii katika nchi mbalimbali zinazotuhifadhi.

Sasa tusikilize wanaosema, "Mwacheni apigane." Wana hoja, na si vema kuzidharau.

Wa kwanza husema hivi: sisi wakimbizi maisha yetu yote ni ya ghafla. Hatukujiandaa kukimbia. Wengine tulivuka mpaka usiku na mtoto mgongoni, bila viatu, na Mungu alitufikisha. Kwa nini kijana huyu asimtegemee Mungu huyohuyo? Hoja hii inatugusa, kwa sababu ni kweli. Lakini kukimbia vita hatukuulizwa. Kupanda ulingoni tunaulizwa, na anayeulizwa ana nafasi ya kujibu. Mungu alitubeba katika hatari ambayo hatukuichagua. Hatuwezi kuifanya rehema hiyo kuwa sababu ya kuchagua hatari nyingine na kumwambia atubebe tena.

Wengine husema kwamba si kosa lake. Hakuwa mvivu, alikuwa anatafuta chumvi na sabuni ya nyumbani. Nasi tunakubali kabisa. Tena mtu akimwita mvivu, tutamkemea. Lakini hapa kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni, nani wa kulaumiwa? La pili ni, je, yuko tayari? Wanaompenda kijana hujibu la kwanza, "Hana lawama," halafu hudhani wamekwisha kujibu la pili. Sivyo. Ngumi ya mwenzake haitauliza kwa nini alikosa mazoezi. Yatima na mwana wa tajiri wakishusha mikono katika raundi ya 2, wote hupigwa palepale. Huruma ya kweli inamwondolea lawama na pia inamzuia asiumizwe. Ile inayomwondolea lawama halafu ikamfungulia kamba za ulingo, hiyo haijafika mwisho wa kazi yake.

Tunasikia pia kwamba ametoa neno lake, na Mkristo hutimiza neno. Hapa tutazame vizuri neno hilo lina nini ndani yake. Mtu akisema, "Nitapigana nawe," anaahidi pia kwamba atakuja akiwa anaweza kujikinga. Mpinzani wake anastahili kukutana na bondia. Hakuomba kupewa mtu wa kumpiga tu. Yeye naye ni mtoto wa mama fulani. Akimuumiza vibaya mtu aliyejificha udhaifu wake, atabeba jambo hilo moyoni miaka mingi, na hakuambiwa ukweli.

Watu wa kale walilijua jambo hili. Pausanias, msafiri Myunani wa karne ya 2, aliandika kwamba wanamichezo wa Olimpia waliapa mbele ya sanamu ya Zeus kuwa wamefuata mazoezi yao kwa miezi 10 mfululizo. Wale walikuwa wapagani, lakini waliona kwamba maandalizi ni jambo la kweli na uongo, si la nguvu tu. Mtume Paulo naye aliwaandikia watu wa Korintho, mji ambao karibu yake michezo ya Isthmia ilifanyika kila baada ya miaka 2. Someni 1 Wakorintho 9:24-27 mkiwa nyumbani. Mtaona jinsi anavyotumia mfano wa mkimbiaji na wa mpiga ngumi kusema juu ya kujitawala, na kujitawala huko hakuanzi siku ya shindano.

Hoja ambayo tunafikiri ndiyo yenye nguvu kuliko zote ni ya heshima. Watasema tunaogopa. Watu wa mjini watatucheka, na sisi tumechekwa vya kutosha. Kwa hili tukumbuke jambo lililotokea Kinshasa, ambalo wazee wengi kutoka Kongo walilisikia redioni. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilipangwa kufanyika tarehe 25 Septemba 1974. Kila mmoja alikuwa ameahidiwa dola milioni 5. Waandishi wa dunia nzima walikuwa wamekwisha kufika Zaire. Zikiwa zimebaki siku chache, Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini. Pambano likaahirishwa zaidi ya mwezi mzima, mpaka tarehe 30 Oktoba, kwa ajili ya mchaniko mmoja. Lilipofanyika katika uwanja wa Tarehe 20 Mei, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, Ali alishinda katika raundi ya 8. Hakuna anayesema leo kwamba kuahirishwa kule kulimvunjia mtu heshima. Kama pambano lenye fedha nyingi na macho ya dunia liliweza kungoja, letu la uwanja wa shule litashindwaje?

Na kwa habari ya heshima ya mkimbizi, tunaye Cindy Ngamba, aliyezaliwa Kamerun na kupata hifadhi Uingereza. Mwaka 2024 huko Paris alipata medali ya shaba katika ngumi, uzito wa kilo 75, nayo ikawa medali ya kwanza kabisa kwa timu ya wakimbizi katika Olimpiki tangu timu hiyo ianze mwaka 2016. Hakuipata kwa mazoezi ya wiki moja. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa taifa huko Uingereza, baada ya miaka ya kazi.

Mwisho wapo wanaosema, "Ni mtu mzima, mwili ni wake." Lakini mchezo wenyewe haukumwachia bondia uamuzi huo peke yake. Daktari humpima kabla, refa anaweza kusimamisha pambano, na walio kwenye kona yake wanaweza kurusha taulo. Sababu ni kwamba mtu jasiri ndiye wa mwisho kujua kwamba ameumia. Na akiumia, hatauguzwa na mwili wake peke yake. Atauguzwa na mama yule aliyenyamaza.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kocha asimamie kipimo mapema: kijana apige raundi 3 za dakika 3 mbele yake, mikono ikiwa juu. Mikono ikishuka katika raundi ya 2, asipande. Wazee waende kwa waandalizi waseme wazi, bila kuona haya, kwamba kijana wao hayuko tayari. Waombe siku nyingine, au yafanyike maonyesho mepesi yasiyo na mshindi, au apande mwingine mwenye mazoezi. Kama kijana ana mazoezi ya kutosha na amekosa wiki chache tu, basi siku zilizobaki azitumie kwa kiasi: aruke kamba kidogo, atembeze miguu, alale, anywe maji, na jamaa wamwongezee chakula katika sahani yake. Uzito ukizidi, apigane daraja la juu au asipigane. Na yeyote atakayepigwa kichwani mpaka akaangushwa, asipigane wala kufanya mazoezi ya kupigana kwa siku zisizopungua 30. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia kupita kawaida au kichwa kikizidi kumuuma, apelekwe kliniki saa ileile, hata kama ni usiku.

Mnajua mfano wa wanawali 10 katika Mathayo 25. Wengi huwaona wale 5 wenye busara kuwa wachoyo, kwa kuwa hawakugawa mafuta. Sisi tunaona kwamba kuna vitu ambavyo hata upendo hauwezi kuviazimisha usiku ule. Pumzi ni mojawapo. Baba hawezi kumpa mwanawe pumzi yake, wala kanisa zima likikusanya sadaka haliwezi kumnunulia. Tunachoweza kumpa ni ukweli, na ukweli huo umfikie kabla kengele haijalia.

Basi akina mama, msinyamaze. Wazee, msione haya. Na ninyi vijana wetu, mkiambiwa mngoje, jueni kwamba aliyewaambia anataka kuwaona mkiwa wazima siku ya pambano, na siku ya pili yake pia.

Bwana awabariki na kuwalinda.