Je, Yafaa Mzazi Kuisoma Simu ya Mtoto Wake?

Swali hili limeulizwa katika mtaa wetu zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho liliulizwa baada ya mkutano wa Umoja wa Akina Mama, watu wakiwa wamekwisha kusimama ili waende makwao. Mama mmoja alitaka kujua kama ni dhambi kuichukua simu ya binti yake wa miaka 15, wakati amelala, na kuyasoma yaliyomo. Kabla kasisi hajafungua kinywa, akina mama walikuwa wamekwisha kugawanyika. Wengine walisema: simu nimenunua mimi, bando nanunua mimi, na mtoto ni wangu, ninaiba nini hapo? Wengine walisema kwamba mtu mwenye miaka 15 ana moyo wake, na anayeingia katika moyo wa mwenzake kwa mlango wa nyuma ni mwizi, hata kama ni mama. Jibu halikupatikana jioni ile. Twajaribu kulitafuta hapa, maana swali lenyewe ni zito kuliko linavyoonekana.

Kwanza tuseme lisilobishaniwa. Mamlaka ya mzazi ni ya kweli, na twaifundisha kila mwaka katika Katekisimo tunapofika kwenye amri ya tano. Lakini mamlaka hupewa mtu kwa ajili ya kazi fulani. Mzazi amepewa mamlaka ili mtoto akue, wala si ili mzazi apate usingizi. Hapo ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Tunapoisoma simu gizani, mara nyingi tunatafuta raha ya nafsi zetu: tujue, kisha tulale. Mtoto hajasaidiwa kitu kwa sisi kujua. Na je, tukikuta jambo baya, tutafanyaje? Tukilisema, tumejifichua. Tukinyamaza, twatembea na siri ya mtoto kama kokoto ndani ya kiatu, naye auona uso wetu umebadilika asijue sababu.

Hata hivyo, wenye kusema "tumwache na mambo yake" nao wana deni la kulipa. Wazee hukumbuka jinsi walimu wa bweni walivyofungua barua za wanafunzi, nao hudhani simu ni barua ya siku hizi. Simu si barua. Barua ilitoka kwa mtu mmoja mwenye jina, ikasomwa, ikakunjwa. Simu ni soko, ni ukumbi wa ngoma, ni daftari la siri, na ni darasa pia, vyote katika kiganja kimoja. Tena imeundwa na watu wenye akili nyingi ili isikunjwe. Mwaka 2006 mtaalamu wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho: ukisogeza kidole, mengine yanakuja, tena mengine, kama kisima kisicho na chini. Baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba ameyajutia hayo. Mwaka 2009 Facebook wakaongeza alama ya kupenda, hata kijana akaweza kuhesabu kila jioni ni wangapi waliompenda leo na ni wangapi waliompenda jirani yake. Na mitambo hiyo hutazama kijana anakawia wapi. Akikawia kwenye mpira, ataletewa mpira. Akikawia kwenye huzuni, ataletewa huzuni.

Huko London, Novemba 2017, msichana mmoja wa miaka 14 alijiua. Uchunguzi wa kifo chake ulimalizika Septemba 2022. Ilionekana kwamba katika miezi sita ya mwisho, kati ya mambo kama 16,300 aliyoyahifadhi, kuyapenda au kuyagawa katika Instagram, 2,100 yalihusu huzuni, kujidhuru au kujiua. Mchunguzi wa vifo akaamua kwamba yale aliyoyaona mtandaoni yalichangia kifo chake, tena si kwa kiasi kidogo. Familia yake haikujua kwamba alikuwa akiyatazama hayo. Anayesema mzazi asitazame kabisa, na amfikirie msichana huyo kabla ya kumaliza sentensi yake.

Wala tusitie chumvi. Mwaka 2019 wataalamu Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua habari za vijana zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani, wakaona kwamba matumizi ya vyombo hivi yanaeleza sehemu ndogo sana ya tofauti ya raha na huzuni kati ya vijana, chini ya nusu ya asilimia moja. Lakini mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alizitoa nje karatasi za ndani za kampuni hiyo. Kati ya karatasi hizo mlikuwa na habari kwamba asilimia 32 ya wasichana walisema kwamba, walipokuwa wakiona vibaya juu ya miili yao, Instagram iliwazidishia. Wataalamu wangali wakibishana. Australia haikungoja wamalize: Novemba 2024 bunge lake lilipitisha sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, nayo ikaanza kutumika 10 Desemba 2025. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zaweza kusema kweli. Mvua ile ile hunywesha mashamba ya kijiji kizima na kuangusha nyumba moja. Mzazi hana haja ya kujua wastani wa vijana wote wa dunia. Ana haja ya kujua hali ya ukuta wa nyumba yake.

Na nyumba zetu zina mambo yake. Watoto wa London huishi na simu kila siku. Wetu wengi husoma katika shule zisizoruhusu simu, hasa za bweni, kisha likizo ikifika huishika simu ya mama toka asubuhi hadi usiku kama mtu aliyekosa maji. Kipindi kibaya zaidi ni baada ya kidato cha nne. Mtihani umekwisha Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Kwa miezi hiyo kijana si mwanafunzi tena, wala hajawa kitu kingine. Wenzake wametawanyika mikoani, kazi hana, fedha hana, ana simu tu. Kisha matokeo yanatangazwa mtandaoni na Baraza la Mitihani, namba ya mtahiniwa na divisheni yake, na kila mwenye namba aweza kuyaona. Mjomba wa Mwanza anayaona kabla ya mtoto mwenyewe. Anayaweka katika kundi la ukoo la WhatsApp, na watu wazima arobaini wanaanza kusema. Huyu anatuma pole, huyu anauliza ada ilikwenda wapi, huyu anatuma picha ya kuchekesha. Kijana mwenye divisheni sifuri anayasoma yote hayo chumbani, mlango umefungwa.

Twauliza: nani aliyemwumiza hapo? Si Wamarekani. Ni shangazi na baba mdogo, na wengine wao tunapiga magoti pamoja altareni. Yafaa wazazi wanaotaka kusoma simu za watoto waanze na zao wenyewe, kwa kuyatazama yale waliyoyaandika Januari iliyopita.

Basi twasema nini juu ya swali letu? Twaona kwamba kuna mlinzi na kuna mpelelezi, na tofauti yao ni kwamba mlinzi hujulikana. Mtoto wa miaka 12 anapopewa simu kwa mara ya kwanza, na aambiwe siku ile ile: simu hii italala sebuleni pamoja na zetu, na mara kwa mara tutaitazama, wewe ukiwapo. Huo si wizi, maana hakuna kilichofichwa. Miaka inapoongezeka, kutazama kupungue na kuuliza kuongezeke. Kijana wa miaka 17 anayesomewa ujumbe wake kama mtoto wa miaka 10 hatakuwa mwema zaidi. Atajifunza kuwa na akaunti ya pili, au simu ya pili iliyofichwa kwa rafiki. Na yule mama aliyeuliza, twamshauri asiisome usiku. Amwamshe asubuhi, amwambie, "Mwanangu, nina hofu juu yako, na nilitaka kuisoma simu yako." Neno hilo ni gumu kulisema, nasi twajua kwamba kusoma gizani ni rahisi zaidi.

Lakini iko hali moja ambayo taratibu hizi zote hukoma. Mtoto akisema au akiandika kwamba anatamani kufa, au mkijua kwamba anajidhuru, hapo hakuna siri tena. Ulizeni waziwazi, kwa sauti ya upole, kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali. Wala asihubiriwe kwanza. Ni hivyo pia mtu mzima anapomtaka mtoto picha za utupu. Mtoto aliyekwisha kutuma picha kama hiyo mara nyingi humwogopa baba yake kuliko anavyomwogopa yule anayemtisha, na kwa sababu hiyo yule mwovu anapata nguvu. Fimbo yetu ndiyo silaha yake. Kwa mambo haya iko namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo. Hata mtoto mwenyewe aweza kuipiga.

Limebaki jambo moja ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini. Wazazi husema kwa uchungu, "Mbona haniambii mimi?" Lakini sisi wenyewe tuliwaambia wazazi wetu lini? Kwa desturi za watu wetu, baba na mama hawakuwa wasikilizaji wa siri za vijana. Kazi hiyo ilikuwa ya bibi na babu, ambao utani wao uliruhusu maneno yote. Na huko pwani msichana alikuwa na somo yake, mwanamke mzima aliyechaguliwa kwa kazi hiyo. Kanisa letu liliijua thamani ya jambo hili. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi toka 1926 hadi 1944, hakuifuta jando. Aliiingiza katika maisha ya Kikristo, ili kijana asiuvuke mto huo bila mtu wa kumshika mkono. Leo bibi yuko kijijini, sisi tuko mjini katika vyumba viwili, somo hayupo, na jando imekuwa ni siku moja ya hospitali. Kiti cha bibi kilibaki kitupu, na simu ikaketi. Yenyewe haichoki, haigombi, na iko macho saa nane za usiku. Hatuwezi kuiondoa kitini bila kumketisha mtu mwingine.

Tunao watu hao, ila tumewaacha bila kazi. Kila mtoto wetu alisimamishwa kisimani na wazazi wa ubatizo, walioahidi mbele ya Mungu. Wengi wao walitoa kitambaa cheupe, wakapigwa picha, wakaenda zao.

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya tatu, mtoto anaisikia sauti usiku na kumkimbilia mzee Eli. Eli hakuwa mlezi bora. Wanawe mwenyewe walimshinda, na macho yake yalikuwa yamefifia. Mara mbili alimwambia mtoto arudi akalale, kama tunavyofanya sisi. Mara ya tatu akatambua kwamba mtoto anasikia kitu kweli. Hakumnyang'anya alichosikia. Alimfundisha namna ya kuitika, akamwacha aende. Kulipokucha ndipo akamwuliza na kumsihi asimfiche neno, na habari aliyoletwa ilikuwa juu ya makosa ya nyumba ya Eli mwenyewe. Akaipokea bila kumgombeza mtoto. Wazazi wengi wako tayari kusikia habari za rafiki mbaya au za mtandao mbaya. Ni wachache walio tayari kusikia, "Baba, ni vile unavyosema na mama usiku."

Tumependekeza kwa Halmashauri ya mtaa kwamba kila kijana wa darasa la Kipaimara amchague mtu mzima mmoja wa jinsia yake, asiye mzazi wake, anayejulikana kwa wazazi na kwa kasisi, wa kuonana naye mahali pa wazi walau mara moja kwa mwezi. Wazazi wa ubatizo walio karibu wafikiriwe kwanza. Wale walio tayari kwa kazi hii waandikishe majina yao kwa katekista kabla darasa halijaanza, na wasiwe wepesi wa kusimulia ya watu.