Usimhesabu Aliyenyamaza

Somo: Mwanzo 41:46-57

Leo twende Gongoni, kule Kilifi, kwenye mabwawa ya chumvi. Maji yakishakolea chumvi, samaki hawezi kukaa. Lakini mna uduvi mdogo aitwaye artemia. Maji yakiwa mazuri, mama huzaa watoto wanaoogelea. Hali ikiharibika, hutoa viinitete vilivyofungwa ndani ya ganda gumu. Vinaacha kukua, vinakauka, ukivishika utadhani ni mchanga wa kahawia. Miaka inapita. Halafu uviweke kwenye maji ya chumvi yenye joto na mwanga: kwa siku moja hivi, mtoto ametoka anaogelea!

Wanasayansi walikuta ndani yake protini iitwayo p26. Hii inazishika protini nyingine zisiharibike na kugandamana wakati wa shida. Iko pia sukari, trehalosi, inayolinda seli zikikauka. Sasa sikiza, mpendwa. Akiba hiyo haitengenezwi wakati wa ukame. Iliwekwa kiinitete kikiwa bado kwa mama. Ni kama Yusufu na ile miaka 7 ya shibe: njaa ilikuta ghala zimejaa.

Kuna lingine, na hili lilinichoma mimi mwenyewe. Kikiwa katika usingizi ule mzito, hata ukikiwekea maji mazuri, hakiamki. Mara nyingi lazima kwanza kikauke, au kipigwe na baridi, ndipo maji yakiamshe.

Mwaka jana nilisimama hapa nikasema kuna ndugu amepoa. Jina sikutaja, lakini mlijua ni nani. Alikuwa amefiwa na mkewe, akaacha kushuhudia, akawa anakaa kiti cha nyuma, kimya. Tukamzunguka, tukamwombea kwa kelele aamke. Jumapili iliyofuata hakuja. Hapo mtumishi wenu alikosa, na nimemwambia hivyo.

Nilimwendea Jumanne. Sikuhubiri, tulikunywa chai tu. Kabla ya kumimina alifumba macho akaomba Zaburi ya 23 yote, bila kitabu. Nikamuuliza aliijua lini. Akasema mama yake alimfundisha jikoni, kabla hajaanza shule.

Akirudi, wazee na mashemasi, msimvute mbele. Kiti chake cha nyuma kiacheni wazi.