Mizani na Dhamiri

Katika msimu uliopita wa ununuzi wa pamba, mkulima mmoja, mama wa makamo, alitujia ofisini akiwa na swali. Alikuwa ameipima pamba yake nyumbani kwa mizani ya jirani, kisha akaipeleka gulioni. Kule ikapungua, ingawa njiani hapakuanguka hata konzi moja. Safari ya pili, usiku kabla ya kufunga magunia, aliinyunyizia maji. Pamba ikapimwa, akalipwa. Na kwa hesabu yake alirudishiwa kile alichonyang'anywa, wala si zaidi. "Sasa nakuuliza, Padri," akasema, "je, mimi nimeiba?"

Tungeweza kumjibu kwa neno moja na kumwacha aende zake. Lakini jibu la namna hiyo, hata likiwa kweli, lisingetosha. Maana nyuma ya ndoo ya maji ya mama huyu wamesimama watu wengi, nasi tumo miongoni mwao.

Kwanza tukiri kwamba mizani huiba. Hatusemi mizani zote, wala kila gulio. Lakini njia za wizi huo zajulikana toka Kwimba hadi Sengerema. Mshale hauanzi kwenye sifuri. Uzito wa gunia tupu hukatwa kuliko ulivyo. Kilo zilizozidi makumi hazisomwi kwa sauti, na zisizosomwa haziandikwi. Tuseme katika kila kilo 50 yapotea kilo 1. Mkulima mwenye kilo 600 amepoteza kilo 12. Atanung'unika, kisha atanyamaza. Lakini kijiji chenye wakulima 300 wa kiasi hicho kimepoteza kilo 3,600, nazo hazikuyeyuka hewani. Zimo ghalani mwa mtu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki si cha mkulima.

Basi, je, aliyepunjwa hawezi kujilipa mwenyewe? Walimu wa maadili wa zamani walilijadili jambo hili kwa makini. Walikubali kwamba aliyedhulumiwa aweza pengine kujitwalia kilicho chake kwa siri, wala asihesabiwe mwizi. Lakini waliweka masharti, na masharti yenyewe ni mazito. Deni liwe la hakika, si la kudhaniwa. Atwae kutoka kwa mdaiwa mwenyewe, tena asizidishe. Asimdhuru mtu wa tatu. Na pasiwe na njia nyingine iliyo wazi ya kupata haki yake.

Tuipime ndoo ya maji kwa masharti hayo. Pamba yetu huchumwa kwa mikono, na usafi wake ndio ulioipa heshima sokoni. Gunia lililoloweshwa halikai peke yake. Hutupwa katika rundo moja na pamba ya majirani, nalo rundo hupata joto, huota ukungu, na nyuzi nyeupe hugeuka rangi. Hata mbegu zilizomo huharibika. Wengine hutia mchanga, ambao hula visu vya mashine kinuni. Wengine hutia chumvi, ambayo huvuta unyevu siku baada ya siku. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Na mnunuzi aliyepunja, je, ndiye alipaye? La hasha. Yeye huona mapema kwamba pamba ya mahali fulani ina maji, hukisia hasara yake, na kuipunguza katika bei au katika mizani. Hivyo mzigo hurudi kijijini, na humwangukia hasa yule mkulima mwaminifu aliyeanika pamba yake na kutenga safi na fifi kama alivyofundishwa. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, wengi walishindana kununua upesi, na pamba chafu ikapewa bei ya pamba safi. Sifa ya pamba ya Tanzania ikashuka katika masoko ya nje, na hasara ikawaangukia hata wasiowahi kumwaga tone moja. Kwa hiyo sharti la kutomdhuru mtu wa tatu limevunjika. Mama huyu hakujilipa kwa mdaiwa wake. Alijilipa kwa jirani yake.

Hadi hapa hukumu imemwelekea mkulima, na wako watakaopenda tuishie hapo. Hatuwezi. Limebaki sharti la mwisho: kwamba pasiwe na njia nyingine ya haki. Hapa swali lamwacha mama yule na kutugeukia sisi sote. Je, ipo njia nyingine? Nani aliyemwonyesha? Siku ile mizani ilipopungua, nani alikuwa amesimama kando yake?

Wazee wetu wa Ziwa walikwisha kulijibu swali hili, na yafaa tuwakumbuke. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walichoshwa na mizani za mawakala wa wenye vinu. Hawakumwaga maji. Waliweka wapimaji wao wenyewe katika magulio, watu wa kuaminika, waliopima pamba upya ili mkulima ajue uzito wa mali yake kabla hajaambiwa na mwingine. Kutoka katika jambo hilo dogo vikakua vyama vya ushirika, chini ya uongozi wa kijana Paul Bomani na wenzake. Mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Victoria, lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa mashirikisho makubwa ya ushirika barani Afrika. Likapata vinu vyake lenyewe, cha kwanza kikiwa Kasamwa, Geita. Mtu akiuliza ushirika wa Kanda ya Ziwa ulizaliwa wapi, yafaa ajibiwe kwamba ulizaliwa kando ya mizani.

Lakini tusiisifu historia tukaficha nusu yake. Ushirika nao ulikuja kuugua ugonjwa uleule uliokusudia kuuponya. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalum ya Rais kuchunguza mwenendo wa vyama, na kamati ikakuta upungufu wa uaminifu, makarani wasio na ujuzi, siasa kuingilia kazi, na wanachama wasiojua haki zao. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na ilipofika mwaka 1984 vikaanza kuundwa tena. Tangu mwaka 2018 pamba imerudi kupitia vyama vya msingi, AMCOS. Katika miaka hiyo yote mwenye mizani alibadilika mara nyingi: wakala wa kinu, karani wa chama, mtu wa mamlaka ya umma, mfanyabiashara binafsi, kisha karani wa chama tena. Malalamiko ya mkulima hayakubadilika sana. Yatupasa kujifunza kwamba haki haiji kwa kubadili mikono inayoshika mizani. Huja pale wenye mali wanapokuwapo, wakiona na kuhesabu.

Siku hizi twaambiwa kwamba mizani za kidijitali zitamaliza udanganyifu. Twazipokea kwa furaha, na twawasifu Wakala wa Vipimo wanaokagua mizani na kuzitia alama. Lakini mizani ya kidijitali huonyesha tarakimu tu. Anayeiandika tarakimu ile katika daftari ni binadamu. Mkulima asiyeweza kuisoma, au anayeona haya kuuliza mbele ya watu, ataibiwa chini ya taa nyekundu kama alivyoibiwa chini ya mshale.

Kuna jambo moja katika desturi zetu linalotustaajabisha. Katika Usukuma kulima hakujawa kazi ya upweke. Watu hukusanyika na majembe, ngoma hulia, bugobogobo huchezwa, na shamba ambalo lingemchosha mmoja kwa wiki nzima huisha huku watu wakiimba. Lakini siku ya kuuza, mkulima yuleyule huenda peke yake na punda wake au mkokoteni wake, husimama peke yake mbele ya karani, na hurudi peke yake na karatasi asiyoielewa. Twalima kwa ngoma, twapima kwa upweke. Jamii yenye nguvu ya kumsaidia mtu kulima, mbona imsahau siku ya kupokea jasho lake?

Wengi hudhani kwamba kumsaidia mkulima ni kumpa: mbegu, dawa, mkopo, na chakula mvua ikikosekana. Hayo ni mema, wala hatuyadharau. Lakini kumpa mtu kwa mkono wa kulia huku mizani ikimnyang'anya kwa mkono wa kushoto si msaada. Haki hutangulia sadaka. Mkulima anayelipwa kilo zake zote hahitaji kuombewa kibaba cha mahindi.

Basi kila mmoja anayo sehemu yake. Mwalimu wa kijiji, na kijana aliyemaliza kidato cha nne na sasa yuko nyumbani, hawawezi kusimama saa mbili kando ya mizani, wakisoma kwa sauti na kuandika nakala ya pili? Wanachama hawawezi kuhudhuria mkutano wa hesabu kwa wingi ule wanaohudhuria msibani? Kiongozi wa chama na ajue kwamba karani wake anayeiba ni mbaya kuliko mgeni, kwa sababu huiba kilo za watu, na pamoja nazo huiba imani yao kwamba kuungana kwafaa. Mnunuzi naye na ajue kwamba kila kilo anayopunja humfundisha mtu mwaminifu njia ya kisimani. Na wakulima wenyewe wawe na ujasiri wa kulikataa gunia lenye maji kabla halijafika rundoni, hata likiwa la ndugu au shemeji.

Mama yetu bado angoja jibu. Tulimwambia hivi: Umedhulumiwa, nasi hatutasema vingine. Lakini ulichotwaa usiku ule hakikutoka kwa aliyekudhulumu. Usifanye tena. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimesikia, Padri. Na mwaka huu, nani atakuja kusimama nami gulioni?"

Swali lake la kwanza tuliweza kulijibu. Hili la pili hatukuwa na haki ya kulijibu kwa maneno, na kwa hiyo tumelileta kwenu, wasomaji wetu, kabla magulio hayajafunguliwa.