Neno la Dini ni Mali ya Nani?

Wamisionari wa London Missionary Society, wengi wao Wakongregationali, walifika Ujiji mwaka 1878. Kwa mafundisho yao kila ushirika hujitawala. Je, waweza pia kujitungia maneno ya dini? Twaona sivyo: neno asilolielewa jirani si neno bado. "Kanisa" na "sala" tuliyapata katika Kiarabu, "padre" kwa Wareno, "sakramenti" katika Kilatini. "Mungu" ni ndugu wa "Mulungu" wa Wagogo. Yamekuwa yetu kwa kutumiwa na wengi. Basi, enyi wazazi, huko Kibaigwa na kila mahali, mtoto akitamka "neema" asiijue maana, msililaumu neno. Mfafanulieni jioni kwa lugha ya nyumbani, asije akasali kama kasuku.