Anayejua Akanyamaza

Katika kikundi chetu cha vijana hapa Kabuga, swali lililotuchukua Jumamosi mbili nzima halikuwa la dini wala la siasa. Lilikuwa la simu. Kijana mmoja alisema makampuni ya teknolojia ni wanafiki: wanakuuzia simu leo wakijua kabisa kwamba mwezi ujao wanatoa nyingine nzuri zaidi kwa bei ileile, na hawakuambii. "Yaya, huo si wizi?" Wenzake wakampigia makofi. Mimi sikupiga, na nikaahidi kuandika kwa nini.

Nianze na mtu ambaye hakunyamaza. Mwaka 1981 Adam Osborne alitoa kompyuta ya kubebeka iliyoitwa Osborne 1. Kubebeka ni neno tu, maana ilikuwa na kilo 11 hivi. Ukiibeba kwa mguu mpaka Remera utalala wiki. Iliuzwa sana. Mwaka 1983 akaanza kusifia hadharani kompyuta zake zijazo, nazo hazijawa tayari kuuzwa. Wenye maduka wakapiga hesabu ambayo hata mama muuza nyanya angeipiga: kama mpya inakuja, hii ya zamani niijaze dukani ya nini? Wakangoja. Mishahara ya wafanyakazi haikungoja. Septemba 1983 kampuni ikatangaza imefilisika. Wapo wanaosema ilikuwa na matatizo mengine pia, kama washindani na usimamizi mbovu, na ninawaamini. Lakini mpaka leo watu wa biashara hiyo wakitaka kuonyana wanalitaja jina la Osborne.

Kama huyo ni wa mbali, tuchukue Nokia, maana hapo kila mtu wa Bukavu, Uvira au Bujumbura ana kumbukumbu yake. Februari 2011 mkuu wa kampuni, Stephen Elop, alitangaza kwamba simu zao kubwa zitaachana na programu ya Symbian na kuhamia ile ya Microsoft. Simu za kwanza za namna hiyo zilifika madukani Novemba. Miezi yote hiyo katikati, Nokia ilikuwa inauza simu ambazo yenyewe imeshazitangazia mazishi. Nani atanunua? Mauzo yakaporomoka.

Neno likishatoka, linaanza kufanya kazi kabla ya kitu chenyewe. Hilo sisi hatuhitaji kufundishwa na Nokia. Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kulikuwa na familia zenye tarehe ya ndege mkononi. Mtu akishapewa tarehe anauza kitanda, anaaga majirani, anamtoa mtoto shule. Tarehe ikifutwa, kitanda hakirudi. Ndiyo maana mimi ninamheshimu anayefunga mdomo mpaka kitu kiwe mezani, kuliko anayenifurahisha mapema.

Halafu kuna jambo la kubadilisha mawazo. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya kuanzia 2005, kwa wateja wachache wa taasisi ya mikopo midogo, lengo lilikuwa kupokea na kulipa mikopo kwa simu. Kumbe watu wakaanza kuitumia kwa mambo yao, kutumiana pesa wao kwa wao. Safaricom walipoifungua kwa nchi nzima Machi 2007, ujumbe wao ulikuwa huo: tuma pesa nyumbani. Kama wangepiga ngoma mwaka 2005, wangetangaza kitu ambacho watu hawakukihitaji sana, na wangebanwa na ahadi yao wenyewe.

Hata Steve Jobs, ambaye Apple yake ilijulikana kwa usiri kuliko wote, aliionyesha iPhone tarehe 9 Januari 2007 wakati ilianza kuuzwa 29 Juni. Mbona huyo hakunyamaza? Sababu moja aliisema mwenyewe: ilibidi waombe kibali cha serikali, na maombi hayo yangeitoa siri nje. Nyingine naiongeza mimi: Apple haikuwa na simu yake nyingine dukani ya kuuawa na tangazo hilo. Kwa hiyo kusema au kunyamaza kwao si tabia njema wala mbaya. Ni hesabu.

Sasa, kijana wangu hajaridhika, na sehemu moja ana haki. Mtu aliyejinyima miezi 8 ili anunue simu anaumia kweli akiona mpya wiki ya pili. Ninakubali anaumia. Ila simu yake bado inafanya kila kitu alichoambiwa itafanya. Hakuna alichonyang'anywa.

Lakini kuna ukimya mwingine ambao siutetei. Mwishoni mwa 2024 mmoja wa vijana wetu alinunua simu ndogo ya vitufe, iliyotumika, yenye programu ya KaiOS na WhatsApp ndani yake. Aliitaka kwa kitu kimoja: mama yake yuko kambi ya Nakivale, Uganda, hajui kuandika, anatuma sauti. Aliuliza dukani, "WhatsApp inafanya?" Akajibiwa inafanya, jaribu mwenyewe. Akajaribu, ikafanya. Wakati huo WhatsApp ilikuwa imeshatangaza wazi kwamba itaacha kufanya kazi kwenye KaiOS mwanzoni mwa 2025. Muuzaji alijua; baadaye alikiri akicheka. Miezi michache, sauti ya mama ikakatika.

Angalia vizuri: muuzaji hakusema uongo hata neno moja. Siku ile ilifanya kweli. Hata hivyo alimdanganya, na mimi siwezi kuuweka ukimya wake kapu moja na wa mtu anayeficha simu ya mwakani. Huyu wa pili anaficha kitu ambacho bado hakipo. Yule anaficha mwisho wa kitu unachokilipia sasa hivi, na umemuuliza.

Maziwa ya pakiti pale butiki yana tarehe ya kuharibika. Simu ya faranga elfu mia haina. Si kwamba haiwezekani: Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, sheria inamlazimisha mtengenezaji wa simu aseme ataendelea kuilinda kwa masasisho ya usalama mpaka lini. Haimlazimishi kusema lolote kuhusu simu ijayo. Kwa aina nyingi basi tarehe hizo zimeshaandikwa, ukiwa na bando na uvumilivu unazipata kwenye intaneti. Vijana wawili wa kikundi wameanza kuzikusanya kwa simu zinazouzwa zaidi hapa barabarani. Orodha tutaibandika mlangoni, kwa Kiswahili na Kinyarwanda.