Mchezo ni Haki ya Mtoto

Mzee mmoja alituuliza baada ya darsa ya Alasiri, mbele ya watu: "Sheikh, mwanangu ana miaka kumi na mitatu, na kila siku ataka kwenda uwanjani kucheza mpira. Nimkataze, ama nimwache?" Kabla hatujafungua kinywa, mwengine akamjibia: "Mkataze! Dunia yenyewe ni mchezo na pumbao, nawe wataka kumwongezea mchezo juu ya mchezo?" Watu wakacheka, na mzee akaridhika, akaenda zake. Sisi hatukuridhika. Jawabu lile ni jepesi ulimini, lakini mwenye kulichukua mzigo wake ni mtoto ambaye hakuwapo kujitetea.

Ni kweli kwamba Kurani imeyaita maisha ya dunia mchezo na pumbao. Lakini yamekusudiwa kwa hayo ni yule aliyeifanya dunia kuwa ndiyo mwisho wa safari yake akayasahau marejeo, wala hakukusudiwa mtoto anayekimbilia mpira. Mwenye kutaka kujua mchezo wa vijana umetajwaje, na aifungue Sura ya Yusuf. Ndugu zake Yusuf walimwomba baba yao amwache ende nao kesho, apate kustarehe na kucheza. Tazama basi Nabii Yaaqub, mtume na mwana wa mtume, alijibu nini. Hakusema kwamba mchezo ni haramu, wala kwamba mtoto wa nyumba tukufu kama ile hafai kuonekana akicheza. Alisema kwamba kwenda kwake kutamhuzunisha, na kwamba achelea asije akaliwa na mbwa mwitu hali wenziwe wameghafilika naye. Khofu yake ilikuwa juu ya mbwa mwitu na juu ya walinzi; mchezo wenyewe hakuutia ila.

Aya hii twaisoma kila mwaka, na kila mwaka twaipita.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameeleza katika Ihyaa kwamba mtoto akitoka chuoni yafaa aruhusiwe mchezo mwema apumzike na taabu ya masomo, na kwamba mwenye kumzuilia mchezo na kumlemeza masomo daima huufisha moyo wake, huidumaza akili yake, na humfundisha kutafuta hila za kukimbia. Haya tuliyasoma mbele ya masheikh wetu, tukayafasiri neno kwa neno. Kisha tukafungua chuo chetu wenyewe, tukafanya kinyume chake.

Imepata miaka ishirini sasa. Alikuwako kijana wa miaka kumi na mmoja, mwenye hifdhi nyepesi, aliyekuwa akisikia ukurasa mara tatu akausoma kwa moyo. Siku moja alikuja chuoni amechelewa, na kanzu ina tope. Tukamwuliza atoka wapi, akasema kweli, atoka mpirani. Tukampiga bakora kwa kuchelewa, na tukamzidishia kwa ajili ya mpira. Kisha tukamwita baba yake, tukapatana naye kwamba kijana asionekane tena uwanjani. Kijana akatii. Akawa aja mapema, akaa mbele, kimya, na kanzu safi. Nasi tukafurahi, tukadhani tumemtengeneza. Baada ya miezi michache ukurasa wa mara tatu ukawa hauingii kwa mara kumi; na kabla ya mwaka kwisha akatoroka chuo, asirudi. Alikuwa amebakisha juzuu nne.

Tulikutana naye mwaka jana sokoni, yuasukuma mkokoteni. Alitupa mkono kwa adabu, akatwambia kwamba ana mtoto wa kiume wa miaka saba naye ataka kumleta kwetu. Tukamkaribisha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Maalim, akiomba ruhusa ya mpira, mpe." Hakuongeza neno. Laiti angetulaumu, ingetuwia nyepesi.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: tulimnyima nini? Tungalimnyima zawadi, hilo lingekuwa jambo la hiari yetu. Lakini Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila mchana na kusali kila usiku, kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa mwili wa mtu mzima mwenye ibada kama ile una haki, mwili wa mtoto unaokua je? Tofauti yao ni kwamba mtu mzima aweza kujitolea haki yake mwenyewe, na mtoto haki yake imo mikononi mwa walii wake, kama ilivyo mali ya yatima. Nani katika sisi angethubutu kuizuilia mali ya yatima kwa kuwa yatima amechelewa chuoni?

Ama hiyo haki ya mwili, madaktari wa leo wameipimia kiasi. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limesema kwamba mwenye miaka 5 mpaka 17 ahitaji kwa wastani dakika 60 kila siku za harakati ya kumtoa jasho na kumharakisha pumzi, na ndani ya wiki ziwemo siku tatu za mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Kwani mfupa hujengwa utotoni na ujanani, na uzeeni mtu hula akiba yake. Na hisabu ya mwaka 2016, iliyokusanywa katika nchi nyingi, ilionyesha kuwa vijana 81 katika kila 100 wa miaka 11 mpaka 17 hawafikii kiasi hicho, na wasichana wako nyuma kuliko wavulana. Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji hisabu hii: mtoto alikuwa akitoka chuoni akajitupa baharini, akapiga mbizi, akavuta kasia. Leo mtoto apelekwa skuli kwa pikipiki, arudi kwa pikipiki, akae na simu mpaka alale.

Walakini mtoto hachezi kwa ajili ya mifupa yake. Acheza kwa kuwa ni mtoto, na faida humjia bila ya yeye kuifikiri, kama usingizi unavyomkuza naye hajui. Na iko faida nyengine ambayo sisi walimu, kwa ubao na kwa bakora, hatukuiweza. Twamfundisha mtoto maana ya subira kwa maneno, hata aweza kuieleza vizuri. Lakini uwanjani aangushwa, mwamuzi asione, na lazima ainuke aendelee. Ashindwa na mtoto mdogo kuliko yeye, na lazima ampe mkono. Ngamia wa Mtume (s.a.w.) aliyeitwa Al-Adhbaa alikuwa hashindwi mbio, mpaka akaja bedui na ngamia wake mchanga akampita. Masahaba wakaona uzito. Mtume (s.a.w.) akawaambia kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu cha dunia ila hukishusha. Basi mbio zile zilikuwa darsa, na aliyeshindwa ndiye aliyesomesha.

Binti zetu nao wana miili, na haki ile ile. Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), akashinda mara ya kwanza, na mara ya pili akashindwa. Anayetoa udhuru wa sitara na ajue kwamba tangu mwaka 2014 hata kanuni za mpira za ulimwengu zimeruhusu mchezaji kufunika kichwa. Kilichobaki ni sisi kuwatafutia mahali penye heshima na mwalimu mwanamke. Na hilo ni kazi yetu, si kosa lao.

Turudi kwa mbwa mwitu, kwani yuko. Yuko muuza unga anayesimama pembeni ya uwanja. Yuko anayejiita mwalimu wa mchezo na nia yake ni mbaya kwa watoto, na tukumbuke kwamba waliomdhuru Yusuf ndio wale wale walioapa kumhifadhi. Yuko wa kamari za simu, anayemfanya kijana ajue majina ya wachezaji wote wa Ulaya hali ya kuwa yeye mwenyewe hawezi kukimbia mpaka mwisho wa mtaa. Huyo hachezi, yuachezewa. Dawa ya hayo yote ni mzazi kwenda uwanjani. Twawaona akina baba wakikaa barazani kwa kahawa tangu Alasiri mpaka Magharibi. Kahawa yanyweka hata kando ya uwanja.

Kwa upande wetu, tumebadilisha wakati wa chuo. Wanafunzi husoma mchana, na baada ya kusali Alasiri hutoka wakacheza mpaka saa kumi na mbili, mmoja wetu akiwapo, kisha hutawadha wakasali Magharibi jamaa na kusoma mpaka Isha. Wazazi wawili wamewaondoa watoto wao kwa sababu hii. Mzee wa darsa tumemfuata nyumbani kwake, na mwanawe sasa yumo katika wachezao. Yule mtoto wa miaka saba naye yumo. Jana alikuja na kanzu yenye tope mpaka magotini. Tulimwambia akaoshe miguu, akarudi, akakaa, akasoma.