Maradhi ya Ubongo si Pepo

 

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu hii ya pwani mambo haya si mageni. Mzee huamka asubuhi mdomo umempinda, mkono wa kulia hauinuki, ataka kusema na maneno hayatoki. Kabla ya kupelekwa hospitali huitwa mpunga pepo, ikapigwa ramli, likaandikwa kombe, na saa zikapita. Mwingine huisahau njia ya nyumbani kwake, au huanza kutukana watu hali alikuwa mpole umri wake wote. Huyo husemwa amekaliwa na jini, au amerogwa, au, na hili ndilo ovu zaidi, kwamba yeye mwenyewe ndiye mchawi. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo.

Hatukanushi kuwepo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Twakanusha kumsingizia jini kila tusilolifahamu.

Mwaka 1861 tabibu wa Kifaransa, Paul Broca, alimpokea mgonjwa katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila "tan", ilhali alifahamu mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliutazama ubongo wake akakuta umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza hali nyingine: mgonjwa asema kwa wepesi, lakini maneno yake hayana maana, wala hafahamu aambiwayo. Dosari yake iko upande ule ule wa kushoto, nyuma zaidi. Ni wangapi wa namna hii tuliowasikia wakiambiwa wasema lugha ya majini?

Tena upande wa kushoto wa ubongo ndio unaouamrisha mkono na mguu wa kulia. Ndiyo sababu ulimi na mkono wa kulia hushikwa pamoja mara nyingi. Je, jini huyo naye amesomea udaktari?

Hata tabia ina mahali pake. Mwaka 1848, huko Vermont, Marekani, chuma cha zaidi ya mita moja kilimpenya shavuni Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli, kikatokea utosini. Hakufa. Alisema na kutembea, hata baadaye akaendesha magari ya farasi nchini Chile. Lakini tabibu wake aliandika kuwa rafiki zake walimwona si Gage waliyemjua, kwa ukali na matusi. Iliyojeruhiwa ilikuwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Atakayesema haya ni maneno ya wageni, na aifungue Qanuni ya Ibn Sina. Yeye aliipa kila nguvu ya akili mahali pake kichwani, na kumbukumbu akaiweka nyuma. Mahali hapo hakupapatia, lakini njia aliyoishika ilikuwa sawa. Wanazuoni wetu wa Kishafii walisema akili i moyoni, na Mahanafi wakasema i kichwani. Wote hawa walikubaliana kwamba aliyeondokewa na akili ameondolewa kalamu, wala mauzo yake hayasihi. Basi wale wanaomshika mzee wa namna hiyo mkono ili atie dole gumba katika hati ya shamba, wajue wanakula haramu.

Mtume (S.A.W.) alituamrisha kutafuta dawa. Kiharusi kinachotokana na damu iliyoganda kina dawa ya kuiyeyusha, nayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza. Si kila hospitali inayo, na haitolewi mpaka kichwa kipigwe picha, kwani ikiwa mshipa ndio uliopasuka, dawa hiyo huweza kumwua mgonjwa. Saa hizo ndizo tunazompa mpunga pepo! Mwenye kutaka kumsomea mgonjwa Qur'ani na amsomee garini, wakielekea hospitali.

Ama usahaulifu wa uzeeni, mfano wake ni Henry Molaison wa Marekani. Mwaka 1953 alipasuliwa ili apone kifafa, akaondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili. Tangu hapo hadi alipokufa mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi jambo jipya, hata jina la mtu aliyetoka kuzungumza naye, ingawa ya utotoni aliyakumbuka. Maradhi yaitwayo Alzheimer mara nyingi huanzia sehemu hizo hizo. Mzazi wako akikuuliza mara ya kumi kama Isha imeadhiniwa, hakufanyii maskhara. Kwake yeye ni mara ya kwanza, na Qur'ani imetukataza hata kuguna mbele ya wazazi waliokongeka. Mjibu kama ulivyomjibu mwanzo. Na aliyoyahifadhi chuoni utotoni mara nyingi hubaki baada ya mengine kutoweka. Anza Yasin karibu naye, polepole, kisha utazame midomo yake.